Asilimia Nne ya Nani?

"Nina A ya KCSE, nina 1510 ya SAT, na nimetengeneza programu mbili za simu. Nafasi yangu ya kuingia MIT ni asilimia ngapi?"

Swali hili huanza kusikika mwezi wa Agosti na halinyamazi hadi usiku wa kuamkia mwaka mpya, vyuo vikuu vya Marekani vinapokaribia kufunga dirisha la maombi. Anayeuliza safari hii ni binti wa miaka 19 anayetaka kusomea sayansi ya kompyuta; amefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, na SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya Marekani. Tumemketisha barazani kwao, Kisauni, Mombasa, pamoja na watu watatu wasiokubaliana. Mjomba wake anaandika programu mjini Seattle na yuko likizoni. Mwalimu ndiye aliyemfundisha hisabati tangu kidato cha kwanza. Mshauri ni mwanamke aliyewahi kusoma mafaili ya waombaji katika chuo kimoja cha Marekani kabla ya kurudi nyumbani. Mama hakualikwa kwenye mjadala, lakini nyumba ni yake na ataingia akitaka. Watu hawa wametungwa. Vyuo, tarakimu na kanuni wanazogombania ni za kweli.

Mjomba hangoji. "Hesabu yenyewe nyepesi," anasema. "Kwa darasa lililoanza 2024, MIT ilipokea maombi zaidi ya 28,000, ikakubali wasiofika 1,300. Hiyo ni asilimia 4 na nusu. Ni kidogo, sawa. Lakini atume kwenye vyuo kumi vya daraja hilo, kila kimoja tukipe asilimia 5. Uwezekano wa kukataliwa na vyote kumi ni kama asilimia 60. Basi ana asilimia 40 ya kupata angalau kimoja. Hapa mtaani nani ana bahati ya asilimia 40 ya jambo lolote?"

Mwalimu ameshaanza kucheka.

"Hiyo ni hesabu ya dadu. Dadu haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Faili la mtoto huyu ni lile lile linalokwenda kote: alama zile zile, insha ile ile, barua yangu ile ile ya mapendekezo. Barua yangu ikiwa butu Massachusetts, itakuwa butu California pia. Vyuo kumi vikisoma udhaifu mmoja, hujatupa dadu mara kumi, bwana. Umeitupa mara moja na nusu."

Kisha anauliza lililo zito zaidi: hiyo asilimia 4 na nusu ni ya nani? Ndani ya wale 28,000 wamo Wamarekani na wageni. Ukiwatenga waombaji wa kigeni peke yao, kiwango cha MIT hushuka hadi takriban asilimia 2. Ndani ya hao wageni wamo washindi wa nishani za Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, mashindano yaliyoanza Bulgaria mwaka 1989, na wamo pia waliojaribu tu kwa sababu rafiki zao wamejaribu. Umati mzima una asilimia yake. Mtu mmoja ndani yake hupata jibu la ndiyo au la hapana, na takwimu ya umati haisemi atapata lipi.

Hapo Mwalimu ana haki. Lakini haki yake haimsaidii binti, ambaye bado anataka kujua atume wapi.

Mshauri anaingia kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi ofisini. Anakumbusha kesi ya udahili wa Harvard, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa Juni 2023. Wengi wanaikumbuka kwa suala la rangi. Yeye anaikumbuka kwa tarakimu zilizowekwa wazi katika mahakama ya chini. Kwa darasa lililohitimu 2019, miongoni mwa waombaji wa ndani wapatao 26,000, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama za shule, na zaidi ya 3,000 walikuwa na alama kamili za hisabati katika SAT. Waliokubaliwa, wa ndani na wa nje kwa pamoja, walikuwa takriban 2,000.

"Kwa hiyo mwanangu," anamwambia binti, "A yako inakufikisha mlangoni. Pale mlangoni utawakuta wenzako elfu nane."

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kutatizika hapa. Amelelewa na mfumo ambao alama huzungumza peke yake. KUCCPS, taasisi inayowagawia Wakenya nafasi za vyuo, huchukua masomo manne ya kundi la kozi, huyapigia hesabu ya pointi 48, hupanga watahiniwa kutoka juu kushuka chini, na anayetaka kujua kozi ya kompyuta ilikatia wapi mwaka uliopita hufungua tovuti akaona hadi desimali ya tatu. Mfumo huo una lawama zake, ila hauna fumbo. Mtoto wa Kilifi na wa Karen wakilingana pointi, wamelingana. Marekani hakuna mstari wa kukatia. Chuo kinajenga darasa: kinataka mpiga tarumbeta, mkimbiaji, mshairi, mtu wa Montana, na watu wa kompyuta wasiozidi kiasi fulani. Kuuliza "nafasi yangu ni ngapi" kwenye mfumo kama huo ni kama kumuuliza mpishi wa harusi kama kitunguu chako kitaingia chunguni. Inategemea ana vingapi tayari.

"Na vitunguu vya kompyuta vimejaa," anasema Mjomba.

Vimejaa kweli. Mwaka 2013 vyuo vya Marekani vilitoa shahada za kwanza za kompyuta na taarifa takriban 51,000. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimevuka 110,000. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, wala kumbi. Vyuo vikalazimika kujenga ukuta, na kila kimoja kilijenga mahali pake. Mjadala mwingi wa nafasi hupotea hapa, kwa sababu waombaji husoma kiwango cha chuo kizima na kudhani ndicho cha kozi yao.

MIT, Stanford, Harvard na Yale humdahili mtu, kozi ataichagua baadaye. Pale MIT mwanafunzi hutangaza fani yake mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na hakuna anayemzuia kuingia kompyuta. Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ni kinyume: skuli yake ya sayansi ya kompyuta ina mlango wake wenyewe, mwembamba kuliko ule wa chuo kwa jumla. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley zamani kilimruhusu mwanafunzi aingie kwa somo lingine, apate wastani wa 3.3 katika kozi za msingi, kisha ajitangaze mwana kompyuta. Kuanzia walioingia 2023, mlango huo umebanwa, na wengi sharti wakubaliwe katika fani hiyo tangu mwanzo. Illinois, mjini Urbana-Champaign, nako kuhamia kompyuta ukiwa ndani kumefungwa, ila kuna kozi za mseto, kompyuta pamoja na uchumi, muziki, au isimu. Chuo Kikuu cha Washington, jirani wa Mjomba, kina skuli ya kompyuta inayotajwa kwa heshima dunia nzima, na huwapendelea waziwazi wakazi wa jimbo.

"Basi si anakaa kwangu?" anauliza Mjomba.

"Anakaa kwako kwa viza ya mwanafunzi," anajibu Mshauri. "Kwa kanuni za jimbo, huyo si mkazi."

Mjomba hakati tamaa. Ana hila, na anaitoa kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza simu ya magendo: aombe isimu, kisha ahamie kompyuta. Kila mtu ofisini kwao anamjua mtu aliyefanya hivyo.

"Alifanya mwaka gani?" anauliza Mshauri. Mjomba anataja mwaka ulio mbali. "Naam. Ukuta haukuwapo. Leo, kwenye vyuo vyenye ukuta, hila hiyo inakuacha na shahada ya isimu usiyoitaka. Kwenye vyuo visivyo na ukuta haina kazi. Na msomaji wa faili si mjinga. Programu mbili za simu, insha nzima ya kompyuta, halafu anasema anapenda isimu?"

Binti, ambaye mpaka sasa amekuwa akisikiliza kwa adabu, anasema kwamba anaipenda. Programu yake ya kwanza hukusanya bei za mboga na matunda pale soko la Kongowea. Ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi: inagawa vitenzi vya Kiswahili. Neno kama "hatukuwaambia" ni sentensi nzima iliyobanwa, kikanushi, nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, na kompyuta haioni viungo hivyo isipofundishwa. Alianza kwa kanuni 40, zikavunjika kwenye vitenzi vya silabi moja, akaanza upya.

Mshauri ameweka kikombe chini. "Hilo mbona halimo kwenye insha yako?"

Insha yake, maneno 650 ambayo fomu ya pamoja ya maombi inayaruhusu, inasimulia jinsi alivyopenda kompyuta tangu utotoni na anavyotaka kusaidia jamii. Mshauri anasema, bila ukali, kwamba alisoma insha hiyo mara mia tatu, kila mara ikiwa na jina jipya. Ya "hatukuwaambia" hajawahi kuiona. Anamkumbusha pia kwamba MIT hawatumii fomu hiyo ya pamoja. Wana yao, yenye majibu mafupi kadhaa, na wana idara ya isimu iliyojengwa na akina Noam Chomsky na Morris Halle. Hapo ndipo alama za binti na mlango wa chuo vinapoanza kutazamana. Je, asilimia imepanda? Hakuna anayejua imepanda kwa kiasi gani, ila faili sasa lina mwenyewe.

Na barua ya Mwalimu? Mshauri anaomba kuiona. "Mwanafunzi mwenye nidhamu, bidii na heshima kwa wakubwa." Kimya kidogo. Barua za walimu wetu nyingi ziko hivi, na si kosa lao. Kwetu barua ya sifa ni hati ya tabia njema. Kule wanataka tukio. Binti anakumbusha kwa aibu ile siku ya kidato cha tatu alipoonyesha kwamba uthibitisho ulioandikwa ubaoni ulikuwa na pengo, na Mwalimu akakaa nao hadi jioni akiuziba. Mwalimu anakohoa. Ni tukio analolikumbuka vizuri.

Ndipo Mama anapotoka na birika la kahawa na kuuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza.

"Mwaka mmoja huko ni pesa ngapi?"

Zaidi ya dola 80,000 kwenye vyuo hivi vya kibinafsi, ukijumlisha karo, malazi na chakula. Kwa shilingi ya Kenya ni zaidi ya milioni 10. Kila mwaka, kwa miaka minne.

Mama haketi. Anangoja.

Mshauri anaeleza, na katika mjadala mzima hakuna maelezo yenye faida kuliko haya. Vipo vyuo vichache vinavyofanya uamuzi bila kutazama mfuko wa mwombaji, hata kama ni mgeni, kisha hulipa pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin. Orodha inazidi hapo kidogo tu. Vipo vingine, kama Swarthmore, vinavyolipa pengo lote kwa mgeni wanayemchukua, ila mfuko wake huingia kwenye uamuzi, kwa hiyo anayehitaji kila kitu anashindania fungu dogo. Kisha vipo vyuo vya umma, Berkeley, Illinois, Washington, Georgia Tech, ambako kwa kawaida mwanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza haambulii msaada wa kifedha kutokana na uhitaji wake. Carnegie Mellon nayo, ingawa ni ya kibinafsi, haiwapi wageni wa shahada ya kwanza msaada huo.

"Kwa hiyo akikubaliwa Berkeley?"

"Atapata barua nzuri ya kuweka ukutani."

Ni jibu kali, lakini nakubaliana nalo. Kwa familia ya Kisauni, chuo kinachokubali asilimia 10 bila kutoa hata senti kina nafasi ya sifuri, na kile cha asilimia 2 kinacholipa kila kitu kina nafasi ya asilimia 2. Orodha za "vyuo rahisi" na "vyuo vigumu" zinazosambazwa miongoni mwa waombaji zimeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Ukiingiza uhitaji wa fedha, ngazi hupinduka: MIT inakuwa ya busara zaidi kuliko Illinois. Afrika Mashariki mradi ulioelewa hesabu hii mapema ni KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, pamoja na mwandishi John Manners. Ulianza kwa kuchukua vijana wenye alama za juu wa Bonde la Ufa, wengi kutoka nyumba zisizo na kitu, kuwafundisha Iten, na kuwaelekeza kwenye vyuo vinavyolipa.

Mjomba, akiona vyuo vyake vinaondoka kimoja kimoja, anarudi na mfano. Mwaka 2023 magazeti ya Marekani yaliandika habari za kijana wa Palo Alto, California, mwenye 1590 ya SAT, aliyekuwa ameanzisha huduma yake ya kutia saini nyaraka mtandaoni. Aliomba vyuo 18, vikamkataa 16. Google ikamwajiri. "Sasa niambieni hiyo si bahati nasibu."

Mshauri anaukubali mfano na kuugeuza. Kijana yule alisimama kwenye foleni ndefu kuliko zote Marekani: kompyuta, kutoka bonde la kompyuta, akiwa amezungukwa na majirani wenye faili kama lake. Faili husomwa kwa kuzingatia shule lilikotoka. 1510 ya mtu aliyesomea shule ya kutwa isiyo na maabara ya maana haisomwi kama 1510 ya Palo Alto. Dartmouth iliporejesha sharti la mtihani mwaka 2024, sababu moja iliyotajwa ni utafiti wao wenyewe ulioonyesha kwamba vijana kutoka shule duni walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuzilinganisha na za matajiri. Binti ana 790 ya hisabati na 720 ya kusoma. Robo tatu ya wanaoingia MIT huwa na 780 au zaidi ya hisabati, kwa hiyo yumo. Atume.

"Na watoto wa matajiri?" anauliza Mwalimu, ambaye hajasahau kitu. Mwaka 2023 wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba katika vyuo vya kundi la Harvard, mtoto wa asilimia 1 ya juu kwa mapato alikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kusoma humo kuliko wa tabaka la kati mwenye alama zile zile. Sehemu kubwa ilitokana na upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo, na wanamichezo walioandaliwa kwa fedha. MIT haiwapendelei watoto wa wahitimu wake. Mwalimu anaandika hilo pembezoni mwa gazeti lake.

Kisha anauliza kama taabu hii yote ina maana. Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa 2002, waliwafuata waliokubaliwa na vyuo teule wakaenda kwingine, na wakakuta kwamba mishahara yao baadaye haikutofautiana na ya wenzao waliokwenda. Si asome Nairobi? Akitaka Carnegie Mellon, si ipo Kigali tangu 2012, ikitoa shahada za uzamili?

Hoja ni nzuri na haikamiliki. Watafiti hao hao walikuta kwamba kwa waliotoka familia maskini, chuo teule kilileta tofauti. Binti yumo katika kundi hilo. Lakini Kigali haipotei, miaka minne ijayo itakuwa palepale, na kwa kozi hiyo haitajali shahada ya kwanza ilitoka Pittsburgh au Juja, kiliko chuo cha JKUAT.

Kuna mtego wa kalenda ambao hata Mjomba hakuujua. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025, siku chache baada ya madirisha mengi ya Marekani kufungwa. Ndiyo maana Wakenya wengi huomba mwaka unaofuata, kama binti huyu. Lakini akichukua nafasi ya KUCCPS na kuanza masomo ya shahada, vyuo vingi vya Marekani vitamhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, foleni nyingine yenye msaada mdogo zaidi. Aiahirishe nafasi hiyo kwa maandishi, asiiache. Na awahurumie wenzake wa Burundi: tangu Juni 2025 amri ya rais wa Marekani imesitisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi hiyo, kwa hiyo huko insha nzuri haitoshi.

Jua limeshuka nyuma ya nyumba. Orodha ya binti, iliyoanza na vyuo 14, sasa ina vinane, vyote vya kulipa pengo lote, na juu yake binti ameandika JKUAT kwa kalamu nyekundu. Insha ya utotoni imechanwa. Mwalimu ameomba arudishiwe barua yake, na ameahidi kuileta upya Ijumaa.